Fundi Aliyenipunguzia Alama

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, katikati ya kupatana bei. Mtu wa Nosy Be, aliyekuja hapa Mahajanga kutafuta mchele, alikuwa ameketi juu ya gunia langu akiniambia kwamba mchele wangu una mawe, nami namwambia kwamba mawe hayo simtozi. Alipokuwa akitafuta la kunijibu, akasema, kama mtu anayepumzika kidogo, "Halafu yule mwalimu wenu wa zamani amefariki. Tulimzika wiki iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri." Tukasema yale wanayosema Waislamu wakipata habari kama hiyo, kisha yeye akataja bei, nami nikaikubali. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba ilikuwa bei yake ya kwanza. Wasomaji walionizoea wataelewa kutokana na hilo pekee kwamba aliyekufa hakuwa mtu mdogo kwangu. Wasionizoea na waniamini tu kwamba jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea, na kwamba nimelipekua mara mbili katika kumbukumbu yangu ili niwe na hakika.

Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande wa sikio la kushoto, na alikuwa akitembea upesi hata pale asipokuwa na pa kwenda. Tulimwita Fundi, kama Wakomoro wa mji huu wanavyomwita kila anayefundisha, awe wa Kurani au wa hesabu. Yeye alikuwa wa hesabu. Miaka ile ya baada ya vita, chama chetu cha Waislamu kilifungua darasa la watu wazima huko Antanimasaja, katika nyumba ya mabati iliyokuwa ghala la ngozi, na ambayo katika miezi ya joto ilikumbuka vizuri kazi yake ya zamani. Tulikuwa wanafunzi ishirini na wanane: washona nguo, wapishi wa nyumba za Wazungu, wachinjaji, muuza samaki mmoja kutoka Antsanitia, na mimi dalali wa mchele. Kila alasiri tulijibana kwenye mabenchi tukijiandaa kwa mtihani wa wilaya wa cheti cha ukarani. Mwenye cheti aliweza kuomba kazi ya meza. Mimi meza sikuitaka. Nilitaka kusoma mwenyewe karatasi za nyumba za biashara za Kifaransa, maana mkalimani niliyekuwa nikimtumia alikuwa na tabia ya kutafsiri sentensi ndefu kwa maneno mafupi sana. Na nieleze mapema, kwa ajili ya wasomaji wangu wa Unguja na Mombasa, kwamba maneno yote nitakayoyanukuu hapa yalisemwa kwa Kimalagasi cha pwani yetu, na kwa Kifaransa kidogo palipokuwa na haja ya kutisha watu. Kiswahili kwetu kimebaki katika dua, katika mizani na katika majina ya sehemu za chombo. Nakiandika kwa sababu nilikirithi, na mtu halali wa kukirithi kwangu bado sijampata.

Walimu walikuwa wawili. Fundi alifundisha hesabu, na kijana mmoja wa hapa mjini, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, alifundisha Kifaransa. Mwisho wa muhula wa kwanza akaja mkaguzi wa Kifaransa, akatazama paa, akatazama ubao, akamuuliza mwenyekiti wa chama swali moja tu: "Mnajuaje kama walimu wenu wanafundisha?" Mwenyekiti wetu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa heshima zake, na swali lile lilimkaa tumboni. Baada ya siku tatu kamati ikaja na jibu. Kila mwisho wa muhula, wanafunzi wenyewe watawapima walimu. Utawekwa mtungi kwa kila mwalimu. Anayeona mwalimu anafundisha vizuri atatia buni moja, anayeona vinginevyo atatia punje ya mahindi. Ngumi inaingia imefungwa, inatoka tupu, hakuna anayejua mwenzake katia nini. Mwalimu atakayepata mahindi mengi kuliko buni mihula miwili mfululizo, chama kitaagana naye kwa wema. Wazo lilipendeza kila mtu. Mimi nikachaguliwa kuwa mhesabuji, kwa sababu ilikuwa inajulikana sokoni kwamba nahesabu kila kitu mara mbili, na kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa ndiye ninayenakili alama za darasa katika daftari la chama.

Kamati haikufikiria jambo moja, na wala mimi sikulifikiria. Karatasi za mtihani zilirudishwa Alhamisi. Mtungi uliwekwa Jumamosi.

Fundi alikuwa bahili wa alama. Alama ya juu kabisa ilikuwa ishirini, na kufaulu kulianzia kumi. Kwake muhula ule walifaulu kumi na mmoja tu, tukaanguka kumi na saba. Nasema tukaanguka kwa sababu mimi nilipata tisa. Kwa mwalimu wa Kifaransa walifaulu ishirini na sita. Jumamosi nikamwaga mitungi juu ya mkeka mbele ya kamati. Katika mtungi wa Kifaransa, buni ishirini na tano, mahindi matatu. Katika mtungi wa Fundi, buni kumi na moja, mahindi kumi na saba. Nikahesabu tena. Kamati walidhani nahesabu tena kwa uangalifu, kumbe nahesabu kwa sababu ya daftari lililokuwa kwapani mwangu. Kumi na mmoja walifaulu, buni kumi na moja. Kumi na saba walianguka, mahindi kumi na saba. Hata kwa mwalimu wa Kifaransa tofauti ilikuwa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo nilimshuku, maana alikuwa na ugomvi na mwalimu kuhusu mbuzi. Watu walikuwa wameitwa kupima ufundishaji, wakapima alama zao. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema, kwa sababu ambayo msomaji keshaikisia: punje moja kati ya zile kumi na saba ilitoka mfukoni mwangu, na tangu Alhamisi nilikuwa nimeshaichagua, kubwa na ya manjano.

Fundi akaarifiwa kwamba amebakiwa na muhula mmoja. Kwake halikuwa jambo dogo. Nyumba aliyokaa Tsaramandroso ilikuwa ya chama na ilikwenda na kazi. Mkewe alikuwa wa hapa Mahajanga na ndugu zake wote wako hapa. Na kazi iliyokuwa ikimngoja Nosy Be ni ile aliyoiacha, ya kupima maua ya mlangilangi kwenye kiwanda cha manukato. Muhula wa pili akafundisha vilevile, upesi vilevile, na karatasi zikarudi Alhamisi vilevile. Safari hii walifaulu kumi na wawili. Mimi nikapata tisa tena. Nikafanya hesabu yangu. Wenye tisa tulikuwa wanne. Kumi na wawili na wanne ni kumi na sita, na kumi na sita kati ya ishirini na wanane ni salama. Kwa hiyo kazi ya mtu huyu, nyumba yake na utulivu wa mkewe vilikuwa vinauzwa kwa alama nne tu, na mwenye duka alikuwa yeye mwenyewe. Katika maisha yangu ya udalali sijawahi kuona biashara nyepesi namna hiyo. Nikachukua karatasi yangu, Alhamisi hiyohiyo kabla ya magharibi, nikaenda kwake.

Alinikaribisha barazani, mkewe akatuletea chai. Sikuzunguka.

"Fundi, keshokutwa ni mtungi."

"Najua."

"Nimehesabu. Wenye tisa tuko wanne. Ukitupa moja moja, umebaki Mahajanga."

"Na wenye nane?"

"Hao si lazima. Hao waache."

"Na wenye nne?"

"Fundi, hata mimi nina mipaka. Wenye nne hawatoshi kukuangusha."

Mkewe, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na sinia, akacheka. Fundi hakucheka. Akanyoosha mkono. "Lete karatasi. Nionyeshe hiyo moja iko wapi, nikupe."

Hilo nilikuwa nimelitarajia; mwenye mali yoyote husema hivyo mwanzoni. Nikaiweka karatasi mezani na kuanza kushuka na kidole, hesabu baada ya hesabu, nikitafuta mahali pa kubishania. Na kwa mazoea yangu mabaya, huku natafuta, nilikuwa najumlisha alama ndogo ndogo alizoandika pembeni kwa wino mwekundu. Mbili, na moja, na mbili, sufuri, moja, na moja. Nikafika chini. Nikarudi juu nikajumlisha tena. Zilikuwa saba. Juu ya karatasi aliandika tisa. Kidole changu kikasimama.

"Kidole kimesimama," alisema Fundi.

"Kimechoka."

"Kidole cha dalali? Sema umeona nini."

"Sijaona kitu, Fundi. Chai ni nzuri."

Akaivuta karatasi, akajumlisha mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akachukua kalamu, akakata tisa, akaandika saba, akanirudishia. "Samahani," akasema, "nilikosea. Ulikuja kutafuta kumi, unaondoka na saba. Sijui kama umewahi kupata soko baya kuliko hili."

"Sijawahi."

"Basi kwa kuwa huna tena cha kunidai na mimi sina tena cha kukupa, niambie jambo moja. Mahali gani nilikupoteza?"

Nimeulizwa maswali mengi katika umri wangu, na mengi nimeyajibu kwa kuuliza swali lingine. Hilo lilinikuta mikono mitupu. Kama ningekuwa bado natafuta ile moja, ningemwambia anafundisha vizuri mno. Kama nisingekwenda kwake, ningekaa na karatasi yangu nikimwita dhalimu. Lakini saba ni saba, sikuwa na la kujipatia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kunifundisha nikakaa nikafikiri anavyofundisha. Nikamwambia, "Unatupa mgongo, Fundi. Unazungumza na ubao. Na unakwenda mbio, tunashuka njiani mmoja mmoja, wewe huoni kwa sababu umetupa mgongo." Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba namsomea orodha ya vitu vya kununua. "Kingine?" Nikamwonyesha hesabu ya nne, ile yenye sufuri. "Hii ni sahihi."

"Si sahihi. Magunia manane ya mchele, kila gunia faranga sitini. Ni mia nne na themanini. Wewe umeandika tisini na sita."

"Ndiyo. Tisini na sita."

"Tisini na sita nini?"

"Ariari," nikasema, na wakati natamka nikasikia nilichotamka.

Hapa niwaeleze walio mbali. Mfaransa alituletea faranga, tukazipokea, lakini sokoni kwetu mtu hahesabu faranga moja moja; anahesabu faranga tano tano, na hizo tano ndiyo ariari moja. Bei ya kuku ni ariari, mahari ni ariari, na mama akimtuma mtoto chumvi humtajia ariari. Ukinipa swali la faranga sitini, mimi, bila kujua kwamba nafanya chochote, nazigeuza kuwa ariari kumi na mbili, nazidisha mara nane, napata tisini na sita, naandika tisini na sita, naweka kalamu chini nimeridhika. Sokoni ningekuwa sahihi. Kwenye karatasi nilikuwa nimeuza mchele wa watu kwa moja ya tano ya bei yake.

Fundi aliingia ndani, akatoka na karatasi za darasa zima za muhula wa kwanza, alizokuwa amezikusanya tena baada ya sisi kuziona, akaanza kuzipekua. Chai ikapoa. Mchinjaji alikuwa amefanya hivyohivyo. Mpishi pia. Muuza samaki wa Antsanitia alikuwa amefanya hivyo katika hesabu tatu mfululizo, zote sahihi, zote zina sufuri. "Na mimi nanunua samaki kwake kwa ariari kila siku," akasema Fundi polepole. "Nikifika darasani naziacha mlangoni pamoja na viatu, nikadhani na nyinyi mmeziacha."

Nikaona mlango umefunguka. "Basi Fundi, kosa lako. Nipe mbili za hesabu hiyo, narudi tisa, halafu tuendelee kuzungumza."

"Sikupi."

"Umekiri!"

"Nimekiri kwamba sikufundisha. Sikukiri kwamba umeandika sahihi. Karani wa wilaya atakayesahihisha karatasi yako hajui ariari. Nikikupa mbili hapa, yeye atakunyang'anya kule, na huko huwezi kwenda barazani kwake." Akafikiri kidogo. "Jumamosi nitafundisha upya. Alama zitabaki."

Jumamosi, kabla ya mtungi, akafundisha. Nimekaa katika madarasa na mawaidha mengi, na sijaona saa iliyofundishwa vizuri kama ile. Alitugeukia. Alianza na ariari, akamwita muuza samaki mbele auze samaki kwa darasa zima kwa sauti ya sokoni, kisha akamsimamisha katikati ya biashara na kumwambia, "Sasa anakuja Mfaransa, hajui ariari, mwambie." Muuza samaki akamwambia, akakosea, watu wakacheka, akajirekebisha. Mchinjaji aliyekaa nyuma yangu akapiga paja lake na kusema, "Kumbe ni hivyo tu! Mwaka mzima nadhani nina kichwa cha ng'ombe!" Kila mtu alielewa. Wengine walitoka wakimpa mkono. Kisha mitungi ikaletwa, tukapita mmoja mmoja na ngumi zetu.

Mtungi wa Fundi ulikuwa na buni kumi na tatu na mahindi kumi na tano. Nilihesabu mara mbili, ingawa safari hii nilijua buni moja iliyozidi imetoka wapi. Waliofaulu kumi na wawili, na mimi. Saa nzima ya mafunzo bora kuliko yote haikumgeuza mtu mwingine hata mmoja. Mchinjaji aliyepiga paja alikuwa na sita tangu Alhamisi, na sita hiyo ndiyo iliyoingia mtungini.

Hapo ndipo niliposimama, nimechelewa muhula mzima, nikaweka daftari la alama kando ya hesabu ya mitungi na kuiomba kamati ilinganishe. Nikasema hawa hawakumpima mwalimu. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akalinganisha, na akanipa jibu ambalo hadi leo nikiwa peke yangu hubishana nalo.

"Naona," alisema. "Walioanguka wamemkataa. Lakini bwana, labda wameanguka kwa sababu hafundishi, na wamemkataa kwa sababu hafundishi. Tabibu akiwa na wagonjwa ishirini na wanane, na kumi na sita wakatoka kwake hali mbaya, tukiwauliza wakasema hawamtaki, utaniambia wana chuki?"

"Na yule wa Kifaransa, ambaye wagonjwa wake wote wamepona?" nikauliza.

"Tumshukuru Mungu."

"Mwenyekiti, yeye ndiye tabibu na yeye ndiye anayeandika nani amepona."

"Na Fundi je? Si ndiye anayeandika nani hajapona?"

Katibu akakohoa ili asicheke. Nilijua nimeshindwa kwa haki. Kweli Fundi alikuwa hajatufundisha jambo moja kubwa, na kweli sisi tulimlipiza kisasi cha alama. Mambo yote mawili yalikuwa ndani ya mtungi uleule, na buni hazina mdomo. Punje ya mahindi ingeweza kumaanisha "umetupa mgongo," au "hujui kwamba nahesabu kwa ariari," au "umenipa sita." Kamati ilisoma maana moja. Mimi nilisoma nyingine. Fundi peke yake ndiye aliyekwenda kumuuliza mtu, na alimuuliza baada ya kuhakikisha kwamba mtu huyo hana tena cha kutafuta.

Wakaagana naye kwa wema, kama walivyoahidi. Alipanda meli ndogo ya pwani na mkewe na masanduku mawili, na mkewe, aliyecheka barazani, hakucheka. Miezi miwili baadaye tukafanya mtihani wa wilaya. Tuliopata cheti tulikuwa tisa. Saba walikuwa katika wale waliofaulu kwa Fundi. Wawili tulitoka upande wa pili, mimi na muuza samaki. Lilikuwapo swali la magunia, kwa faranga. Sisemi hilo ni ushahidi wa lolote, maana hata mwenyekiti angeweza kuligeuza, lakini nasema nilivyolikuta. Darasa liliendelea miaka michache. Walimu waliokuja walisikia habari za mtungi kabla ya kusikia habari za mshahara, na alama zikapanda mwaka hadi mwaka, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na saba, mpaka mahindi yakatoweka kabisa mitungini na kamati ikajipongeza. Vyeti vya wilaya navyo vikapungua, hata mwaka mmoja havikuja kabisa. Kila mtu aliridhika. Sijui mkaguzi angeuliza nini kama angerudi, hakurudi.

Nilimwona Fundi mara moja tu baada ya hapo, nilipokwenda Nosy Be kutafuta pilipili manga. Nilielekezwa kiwandani. Asubuhi alikuwa kwenye mizani ya maua, na alasiri, mizani ikishafungwa, banda lilelile likawa darasa la wachumaji, wanawake wengi wao, waliokaa chini na vikapu vitupu magotini, nguo zimejaa harufu ile tamu inayomchosha mgeni mapema. Nikasimama pembeni nikamsikiliza. Alifundisha akiwatazama. Bado alikuwa na mbio. Alipomaliza, akachukua karatasi zao zilizosahihishwa, akaziweka juu ya mizani, na kabla ya kugawa hata moja akauliza kila mtu kwa zamu mahali alipompoteza. Nilielewa kwa nini alizishika kwanza.

Mama mmoja wa makamo akasema, "Fundi, unasema upesi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Na unaposema 'ni rahisi,' mimi naacha kusikiliza, kwa kuwa najua rahisi hiyo si yangu." Akaandika maneno hayo kwenye kijidaftari, akashukuru, akampa karatasi yake. Mama akaitazama.

"Nne! Baada ya kukusaidia hivyo!"

"Umenisaidia sana, mama. Hesabu ndizo hukuzisaidia."

"Ningejua, nisingekwambia."

"Ndiyo maana hukujua."

Banda zima likacheka, mama naye, huku akimtishia kwa kikapu. Walipotoka tukabaki wawili, na nikaona si vizuri kuondoka na mzigo. Nikamwambia, "Fundi, muhula wa kwanza mimi nilikutilia mahindi."

"Najua," akasema. "Ulikuwa na tisa."

"Na muhula wa pili nikatia buni."

Hilo hakulijua. Akavua miwani, akaishika kwa ule uzi wake, akanitazama kwa macho ya mtu asiyeona vizuri. "Na saba?"

"Na saba."

Alinunua samaki, tukala kwake, na mkewe aliniuliza habari za ndugu zake mmoja mmoja mpaka nikaishiwa. Kwa kila mmoja nilimwambia hajambo, na kwa wawili nilikuwa nabahatisha. Nilimwona anasikiliza kama mtu anayesomewa barua, na nikajua kwamba zile alama nne ambazo mumewe hakuziuza, zaidi ya nusu ya bei yake aliilipa yeye, bila kuulizwa. Hilo silisahau ninapomsifu marehemu kwa msimamo wake.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na si darasani tu. Mnunuzi humsifu dalali aliyempunguzia. Mwombaji humsifu karani aliyempa ruhusa. Chifu huwaita watu wake waaminifu mwaka ambao kodi imelipwa, na watu humwita chifu mwema mwaka ambao haikupandishwa; na Serikali hutuuliza kama tunaridhika nayo huku imeshika mkononi karatasi tunayoihitaji, kisha inaandika majibu yetu na kuyapeleka mbali. Sote tunapimana hivyo, na sote tunashangaa vipimo vikitudanganya. Siku hizi mtu akinisifu, kwanza natazama nimempa nini. Akinilaumu, natazama nimemnyima nini. Naondoa hicho kwanza, halafu nasikiliza kinachobaki. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo sana, sentensi moja au nusu yake. Lakini hiyo nusu ndiyo ya kushika, na anayetaka kuipata sharti aiombe kabla hajafungua mkono, na awe tayari kusikia kwamba amewapa watu mgongo.

Leo Fundi hana alama ya kunipa wala ya kuninyima, nami sina mtungi wa kumtilia chochote. Kwa hiyo naweza kumpima. Alikuwa na haraka mno. Aliwatazama wanafunzi wake amechelewa, baada ya wengi kushuka njiani, na mkewe alilipia uaminifu wake kuliko yeye alivyolipa. Hakuwahi kumwambia mwanafunzi, "Unajua," kwa jambo asilolijua. Alikuwa mwalimu mzuri. Nimelipitia hilo mara mbili, na halikubadilika.